Viti Vinne vya Baiskeli ya Baba

Baba mpendwa,

Naogopa. Nimeona nianze na hilo kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua, nikipewa nafasi nitakueleza habari za mvua na paa linalovuja mpaka karatasi iishe. Nimekaa kwenye benchi la hospitali huku Makadara, mkononi nina kikaratasi chenye namba ishirini na tisa, na ndani ndio kwanza wameita kumi na nne. Mke wangu, Mama Neema, yuko kando yangu. Anadhani naandika maswali ya kumuuliza daktari.

Huu ni mwaka wa sita tangu ututoke. Mama yuko nyumbani Bungoma, magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama. Mimi bado niko Kaloleni, na baiskeli yako nyeusi ninayo. Ndiyo inayonipeleka stoo kule viwandani kila asubuhi, na ndiyo imenileta hapa, ingawa leo sikuipanda. Iko nyumbani, imeegemea ukuta, haina kiti. Nitafika huko.

Unakumbuka uliponifundisha kuiendesha? Ulikuwa umetoka kazini, shati la kaunsili bado mwilini, kitabu chako cha kuandikia mita za maji umekitia kwapani. Kwenye kile kiwanja karibu na ukumbi, ulikamata kiti kwa nyuma na kukimbia nami, viatu vyako vikigonga chini kama kwato za punda. Baba za wenzangu walikuwa wanaachilia kimyakimya, mtoto anageuka anakuta yuko peke yake, analia. Wewe hukufanya hivyo. Ulisema, "Wafula, sasa naachilia," ukaachilia, nami nikaenda hatua kama tano hivi nikaingia mtaroni. Nilikuja kukuinulia uso wenye matope, lakini sikuwa na hasira. Ulikuwa umeniambia.

Kiti chako cha kwanza kilikuwa cha ngozi, kina springi mbili chini. Ulizunguka nacho Kaloleni, Makongeni, Mbotela na Maringo ukisoma mita, ukawajua mbwa wa kila nyumba kwa majina. Zile springi zilikuwa zinalia, na kabla hujakata kona Mama ameshasikia na kubandika maji ya ugali. Zaidi ya miaka thelathini hukukilalamikia hata mara moja.

Halafu, baada ya kustaafu, ukarudi mchana mmoja unaisukuma baiskeli kwa mkono. Ukaiegemeza mlangoni ukasema, "Hiki kiti kinaniuma."

Tulicheka, Baba. Mama alikuuliza, "Miaka yote hiyo, ndio leo kimeanza kuuma?" Lakini jioni hiyohiyo alipasua mto wa sofa, akatoa sponji, akakushonea kiti cha pili juu ya kile cha kwanza, na juu yake akafunga kitambaa chake cha maua alichofuma kwa mkono. Ukapita nacho mtaani umenyoosha mgongo, watoto wanakuita Mzee wa Sofa, nawe unawapungia mkono. Wiki mbili baadaye ukasema tena, chini chini, ukiniangalia mimi na si Mama, "Wafula, bado kinauma."

Nilijiona mkubwa siku hiyo. Ulikuwa hujawahi kuniomba kitu maishani, ndiyo mara ya kwanza. Nikaanza kuuliza watu kazini, nikasoma, nikawa profesa wa viti vya baiskeli. Cha tatu nilikitoa soko la mitumba la Gikomba, kipana, kina jeli ndani, na tukakipeleka kwa Fundi Odhis pale nje ya Soko la Burma akifunge. Odhis alikibonyeza kwa kidole gumba akacheka.

"Mzae, hii ni kama kukalia chapati. Utasikia raha siku mbili, ya tatu utanirudia."

Ulirudi ya nane. Ile wiki ya kwanza ulikuwa umeniambia, "Afadhali," nami nikawatangazia wenzangu stoo kwamba mzee nimemponya.

Kiti cha nne ndicho kinachonirudia kila siku. Odhis alitandaza kipande cha katoni juu ya jiwe akakuambia ukae, uegemee mbele kidogo, kisha uinuke. Katoni ikabaki na mashimo mawili pale mifupa ya makalio ilipobonyea. Akapima kati ya shimo na shimo kwa spana yake, akatueleza kwamba kiti laini sana ni kibaya, mifupa inazama na uzito unaangukia nyama na mishipa. Akaingia kibandani akatoa kiti chembamba, kigumu, kimetobolewa katikati.

"Sasa hii, mzae, imetobolewa ndio kila kitu kipumue."

Ulicheka mpaka wauza nyama wakageuka. Ukakijaribu ukizunguka soko, ukapotea kwenye moshi wa nyama choma, ukatokea upande wa pili. Ukashuka polepole, umeshika nguzo ya bucha. Nikakuuliza vipi. Ukasema, "Hiki ndicho." Kisha ukamuuliza Odhis choo kiko wapi. Ilikuwa mara ya tatu tangu tufike. Nilisikia, Baba. Nilihesabu kabisa kwamba ni ya tatu, halafu nikainama kukaza nati.

Baada ya miezi mitatu ulikuwa wodini. Daktari alinitoa nje, msichana mdogo tu, akaniambia ni saratani ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Akaniuliza ulianza kulalamika lini. Nikamjibu, "Hakulalamika, daktari. Ni kiti cha baiskeli tu kilichokuwa kinamsumbua." Aliniangalia, akaandika kitu kwenye faili.

Nilikukasirikia kwa muda mrefu kuliko nilivyokulilia. Nilikuwa nikisema, mtu aliyeniambia kabla ya kuachilia baiskeli, kwa nini hili hakuniambia? Baadaye nikajiuliza, ungeniambiaje? Kwetu baba hazungumzi na mwanawe mambo yaliyo chini ya mshipi. Ulitafuta neno lililo karibu kabisa na ugonjwa ambalo mzee anaweza kulitamka mbele ya mtoto, ukapata kiti. Ukalisema mara tatu. Nasi kila mara tukakuletea kiti.

Sasa nikuambie aibu yangu. Mimi ninayejua haya yote, maumivu yalinianza mwezi wa pili, na unadhani nilifanya nini? Nilishika spana. Nilikiinamisha kile kiti cha nne mbele kidogo. Wiki iliyofuata nikakirudisha nyuma. Nikatafuta ile sponji ya Mama yenye maua nikaifunga juu yake, mwanamume wa miaka hamsini na moja, nikavuka Jogoo Road nimekalia kitambaa cha sofa. Nikavijua vyoo vyote kutoka nyumbani hadi kazini, vya kanisa, vya kituo cha petroli, vya hoteli ambayo lazima kwanza ununue chai. Na kila nikitoka nilijiambia ni baridi, ni barabara mbovu, ni kiti.

Jumamosi nikaenda kwa Odhis kutafuta cha tano.

"Niaje mkubwa. Siti tena?"

"Siti tena."

Akatandaza katoni, nikakaa, nikainuka. Akapima. "Wewe na mzae mko saizi moja kabisa," akasema. Nilitaka kutabasamu ikashindikana. Kisha akauliza, huku anatafuta spana, kama mtu anayeuliza saa, "Ukishuka kwa baiki, inaacha kuuma?"

"Inaacha," nikasema.

Akaacha kutafuta. Akanigeukia.

"Mzae pia aliniambia inaacha."

Moshi wa Burma uliniingia machoni, au niseme hivyo. Odhis aliinama akafungua nati, akakichomoa kiti chako cha nne pamoja na maua ya Mama, akakitupa ndani ya kibanda.

"Sikuuzii siti. Na hii nakaa nayo. Enda upimwe, ukirudi na karatasi ya daktari nitakufungia yenye unataka."

"Odhis, wacha mchezo. Nitaenda aje kazi?"

"Tembea. Hata ukikasirika ni sawa. Lakini mimi sifungi siti ya tano kwa hii baiki."

Nikaisukuma hadi nyumbani. Kutoka Burma si mbali, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa nje. Mama anayeuza mboga langoni akaniuliza kama siku hizi naendesha nikiwa nimesimama. Nikacheka naye.

Mama Neema alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaitazama baiskeli.

"Baba Neema, kiti kimeenda wapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Kilikuwa kinaniuma, nimekiacha kwa fundi. Hakuna uongo hata mmoja humo, kila neno la kweli, na angecheka, na tungekula. Nilikuwa nimeshaanza, "Kilikuwa kina..." Nikakaa kwenye kigoda, na hata kigoda kiliniuma.

"Si kiti, Mama Neema," nikasema. "Ni mimi. Naumwa kama Baba alivyoumwa, na naogopa."

Aliweka ungo chini. Akaniuliza swali lile la daktari, karibu neno kwa neno. "Imeanza lini?" Nikamwambia mwezi wa pili. Nilingoja anigombeze, ana haki, ulimi anao. Akasema tu, "Jumatatu tunaenda."

Leo ndiyo Jumatatu. Benchi hili limejaa wanaume, Baba. Tunatazama viatu vyetu. Aliye kulia kwangu ananiambia amekuja kwa sababu ya mgongo, alilala vibaya. Mwingine ni kiti cha lori, anaendesha safari ndefu. Nimewasikiliza nikatamani kuwashika mabega. Ndiyo maana barua hii sitaifungia kabatini, nitaiacha isomwe, ingawa najua ungeona haya kusikia mambo yako yanatajwa wazi hivi. Nisamehe. Kuna mtu mahali fulani sasa hivi anamwambia mwanawe kwamba kiti kinamuuma, na mwanawe anaenda Gikomba.

Naogopa kile kidole cha daktari cha kupima tezi kwa nyuma, nicheke nisicheke. Naogopa ile sindano ya damu na siku za kungoja majibu. Zaidi ya yote naogopa kwamba kutoka mwezi wa pili mpaka leo, nilipokuwa nikiinamisha kiti mbele na nyuma, huko ndani kulikuwa na kitu kinatembea kuelekea mgongoni, na mimi nikikipisha kwa sababu ya haya. Mara tatu asubuhi hii nimeinuka nikitaka kuondoka. Mara mbili ilikuwa choo, ya tatu ilikuwa ni woga tu.

Wameita ishirini na nane. Yule wa mgongo ameingia, ameniachia gazeti lake.

Nakuaga hapa, Baba. Kule wodini hukusema kwamba unaachilia. Nilikuwa nimekushika mkono, nikageuka kumwita nesi, niliporudi ulikuwa umekwenda. Nimekuwa nikilibeba hilo. Sasa Mama Neema ameweka kiganja chake chini kabisa ya mgongo wangu, pale pale ulipokuwa unakamata kiti ukikimbia nyuma yangu kiwanjani. Ananiuliza nimemaliza kuandika. Nimemwambia karibu, na nimemwomba kitu kimoja, kwamba akitaka kuachilia, aniambie kwanza.

Amesema haachilii. Wameita ishirini na tisa.

Mwanao wa kwanza,
uliyemshikia kiti.