Mjomba Lautele na Mkate Mbele ya Kanisa

Sieni, uko? Mjomba kaanguka mimbarini! Mzima, usilie. Ila sijui nicheke au nifanyeje.

Si unajua tangu aambiwe ana kisukari kaacha wali, mkate na magimbi? Samaki na mboga tu, kitambi kimeyeyuka. Basi leo anahubiri: "Magimbi yanatuua, ndugu zangu! Nitazameni mimi!"

Tukamtazama. Jasho linamchuruzika, mikono inatetemeka. Tukadhani ni Roho! Tukaitikia: "Amina!" Mara akaanguka kitako puu, macho yanamzunguka.

Mkewe Fa'asopo akajua sukari imeshuka. Akamlisha mkate mtamu wa nazi wa watoto. Mbele ya kanisa zima, Sieni. MKATE!

Nesi wa zahanati, aliyekuwa ibadani, akamuuliza: "Baba mchungaji, ulipobadili chakula, ulikuja tukupunguzie dawa ya kisukari?"

"Dawa ni dawa, binti yangu. Nameza ile ile."

"Chakula kimekufaa, baba. Dozi ya zamani ndiyo imeshusha sukari kupita kiasi, ikataka kukuua."

Mjomba aliogopa kweli, kamshika mkewe mkono hadi nyumbani.

Ila mji mzima wa Apia unasema mkate ndio umemwokoa mchungaji. Kina mama wamejaa sebuleni kwake sasa hivi, kila mmoja na mkate wake, wanataka aonje.