Uongo wa Zaituni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, hata huko chini ya udongo wa Ujiji ambako sikuweza kuja kukuzika.

Unakumbuka siku ile napuliza pasi ya mkaa, wewe na kitabu chako cha Kiarabu? Uliniuliza, "Uongo ni mbaya kwa sababu Mungu kaukataza, au Mungu kaukataza kwa sababu ni mbaya?" Nikajibu, "Muulize mama, ndiye anayechapa." Ulicheka hadi miwani ikaanguka. Ukanieleza kwamba wanazuoni wa kale waligombana juu ya hilo: Muutazila walisema akili yenyewe huujua ubaya, Ashaira wakasema bila amri ya Mungu akili ni kipofu. Ukatoa mfano. Nabii amejificha nyumbani mwako, muuaji yuko mlangoni, anamuulizia. "Wote walikubali umfiche, hata kwa uongo," ulisema. "Waligombea sababu tu." Nikaona ni maneno ya watu wenye nafasi. Nilipokuuliza wewe uko upande gani, ukasema chai inapoa.

Jumamosi asubuhi, hapa mtaani kwetu Malvern, wanaume watatu walitugongea. Wanapita nyumba kwa nyumba kuwatoa wageni. Walimtaka jirani yetu Mama Furaha, msusi Mkongo, naye alikuwa amejificha kabatini mwangu. Kizulu changu kina Kigoma ndani yake. Nikifungua mdomo tu, nami nimekwisha. Zaituni, mjukuu wako wa miaka sita aliyezaliwa hapahapa, akanitangulia mlangoni: "Akekho, malume." Hayupo, mjomba. Alisema kama mtoto wao. Wakaondoka, ila walisema Ijumaa watarudi.

Mtoto akalia. "Mama, si ulisema uongo ni dhambi?"

"Huu si dhambi. Na shuleni usimwambie mtu."

"Umejuaje?"

"Najua tu." Muutazila kabisa, baba.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Walipokuwa wanagonga, akili yangu hiyohiyo iliniambia: fungua kabati, wamchukue, wamwache mwanao. Ilisema kwa hoja nzuri. Kilichonishika mkono ni sauti yako ukisoma kile kitabu, amana, amana, mimi napuliza mkaa. Wale watu nawaogopa. Hiyo akili naiogopa zaidi.

Leo Mama Furaha alikunja blanketi lake aondoke, asituponze. Hana pa kwenda. Nikamwambia, "Kaa, dada." Nilisema kwa sauti, Zaituni asikie, ili Ijumaa nisiweze kugeuka.

Pumzika, baba, japo mimi sipumziki.

Bintiyo, mama Zaituni