Jina Nililolizika

Bwera, 14 Julai 2013

Kwako mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Bungoma. Nyanya anaendeleaje na mguu wake? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza, na tafadhali usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Tangu dereva wa lori la kiwandani kwa baba anilete hapa kwa mama Ketura nisome, sikutaka tena kuwa msichana wa kuja. Kule Hima walinichosha kwa maswali: baba Mwacholi, mama Mkenya, wewe je? Basi shuleni nikajiandikisha Biira. Nilidhani ni jina tu. Kumbe kwa Wakonzo wa huku binti wa kwanza ni Masika, Biira ni wa pili! Wakaniuliza Masika wetu yuko wapi. Nikababaika, nikasema alikufa. Wakauliza kwenu aliitwa nani. Mama, mdomo wangu huu ukasema Amony.

Jamani, walivyonihurumia! Mama Ketura alilia kama aliyefiwa yeye. Kanisani wakamwombea Amony apumzike, nami nikaitikia amina. Tangu hapo nikawa mtoto wao kabisa. Ila nikijitazama kwenye kioo, namwona huyo waliyemwombea.

Jumanne mchana ukungu ulishuka kutoka milimani ukafunika hata ua. Mwanamume akaita nje: Amony! Mama Ketura akafunga mlango, akanishika mkono, akaninong'oneza nisithubutu kuitika, kwamba marehemu akiitwa, anayeitika humfuata. Sauti iliita mara tatu. Watoto walijificha chini ya meza.

Mama, alikuwa baba. Hapa hawajamwona hata siku moja, lakini mimi nilimjua tangu mwito wa kwanza. Sikunyamaza kwa kuogopa wafu, niliogopa kuumbuka. Nikasikia viatu vyake vikienda polepole. Mlangoni aliacha sweta na mkate. Mama Ketura alivitia motoni vyote, nami nikasimama nikitazama. Naona aibu mpaka leo.

Ninakuomba kitu kimoja. Ukinijibu, andika Amony juu ya bahasha, kwa herufi kubwa. Hapa wenye barua huitwa mstarini, shule nzima ikisikia. Watapiga mayowe, labda watakimbia. Nimejaribu kuitika nikiwa peke yangu na sauti haikutoka, lakini siku hiyo nitaitika.

Msalimie nyanya na wote wa nyumbani. Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ningali hai,
Amony