Chokaa ku Ukuta ya Mama Veronika

Siku ya ine, tarehe 5 mwezi ya sita

Sombe ya majani ya muhogo nimetwanga. Maharagi iko mu maji. Samaki itatoka Kasenyi kesho, kama barabara iko wazi. Makala ya kupikia naweka mu sheminé, ile jiko ya ukuta ya salon, pale mvua haifike.

Wa biro watakuja kununua chakula siku ya posho, ile ya sita, wa kanisa siku ya Mungu. Na wale wa Mwalimu Bahati. Yeye iko natembeza watu mu Lumumba, mutaa yetu, anawaonyesha manyumba ya matofali ya wakati ya wazungu. Wanamalizia hapa ku barza, sababu nyumba ya Mama Veronika iko na vigae nyekundu na sheminé, na sababu miguu imechoka na njaa imewashika. Historia yake inabadilika. Posho moja anasema hapa alikaa muzungu wa hesabu, posho ingine anasema munganga. Mama Veronika anamurudisha: alikuwa muzungu wa kutengeneza magari, mulevi sana. Watu wanacheka, wanaomba pilipili.

Mwalimu anawafikisha mpaka ku boyeri, kile chumba ya nyuma. Anasema: hapa njo mupishi alikuwa nalala. Watu wanatikisa kichwa. Nasema mu roho, bado iko nalala. Godoro yangu na ya mutoto wangu Furaha iko pale.

Leo Mwalimu alikuja peke yake. Siku ya Mungu hii ataleta watu wengi, na wachezaji na ngoma. Watapiga foto. Alitazama ukuta ya mbele, akasema maandiko inaharibu. Ni ile maandiko ya nyumba mingi ya hapa: PARCELLE À NE PAS VENDRE. Parsele, kiwanja na nyumba yake, haiuzishwe. Rangi nyeusi, herufi kubwa kama sufuria. Zozefu, mutoto ya Mama Veronika, njo aliiandika mbele ya kuhamia Kisangani. Aliniambia, Mama Furaha, siku ikifutika unipigie.

Mwalimu anataka tupake chokaa, kisha watu wakiisha kwenda tuandike tena. Nilijibu nitafikiri. Lakini najijua. Nimekwisha kubali.

Siku ya tano, tarehe 6

Nilimuuliza Mama Veronika. Akasema ndiyo, mutoto yangu. Anasema ndiyo kwa kila mutu, ata kwa muchuuzi ya sabuni. Ya zamani anakumbuka yote. Ya asubui imepotea.

Zozefu sikumupigia. Kitu ya siku tatu, nitamusumbua ya nini.

Papa Simoni mupaka rangi alikuja na ndoo yake. Saa kumi ukuta yote ilikuwa nyeupe. Furaha alirudi ku masomo, akasimama ku mulango: "Mama, nyumba imenyolewa." Tulicheka. Nilifurahi kama mujinga.

Siku ya posho, tarehe 7

Watu wastani. Wawili waligombania kichwa ya samaki, nikaikata katikati, wote wakanuna. Mama mumoja wa biro aliniuliza nani alitengeneza ukuta hivi. Nikasema ni mimi. Nikasema kwa sauti.

Miguu inaniuma. Ni maumivu ya muzuri.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Sijaona watu wengi hivi tangu tufike hapa. Viti iliisha, wengine walikula wamekaa ku ngazi. Wachezaji walikuwa wa kwetu Djugu, watoto wa vijiji yenye haiko tena. Walipoanza wimbo ya mavuno nilienda jikoni kugeuza bugali yenye ilikuwa imekwisha kuiva. Sikutaka watu waone macho yangu. Baba Furaha alikuwa naicheza vizuri. Siku tulikimbia vita, yeye hakutoka kule.

Papa Dezire alikuja. Ni mutoto ya ndugu ya marehemu bwana wa Mama Veronika. Huwa hakanyage hapa. Alikuwa na watu wawili wa viatu safi. Walikula samaki tatu, wakazunguka nyumba, wakapiga foto ya ukuta. Aliniita: "Mama mupishi, weye njo umeipendesha hivi?" Nikasema ndiyo, papa. Akasema kazi nzuri. Aliacha sahani safi kabisa.

Nilipenda ile neno yake. Naandika ili nisijidanganye.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Mvua asubui, kidogo. Nilimutafuta Papa Simoni aandike. Muke wake anasema alipata kazi ya kanisa kule Mudzipela, atarudi siku ya tano.

Ukuta iko uchi. Sipendi kuitazama.

Siku ya pili, tarehe 10

Nilikuwa naanika nguo. Papa Dezire aliingia na wale wawili na kamba ya kupimia. Bila hodi. Walipima barza. Walipima boyeri, mumoja akasukuma godoro yetu na mguu.

Nilimuuliza wanatafuta nini. Anasema nyumba inauzishwa, mama mukubwa wake, Mama Veronika, amekubali, hawa njo wanunuzi. Watabomoa wajenge depo ya simenti. Nikamuambia nyumba hii haiuzishwe, Zozefu aliandika.

Alinyoosha mukono ku ukuta, polepole.

"Wapi? Soma, mama. Soma na siye tusikie."



Siku ya tatu, tarehe 11

Nilimupigia Zozefu. Mara tano ilikatika. Ya sita aliitika.

Nilimuambia yote ya Dezire. Akauliza, na maandiko yangu? Nikasema mvua ilifuta.

Kinywa yangu mwenyewe. Mvua ilifuta. Ata sikufikiri. Na yeye akajilaumu, akasema alinunua rangi ya bei rahisi, ni kosa yake. Mutu muzuri anajilaumu sababu yangu, na mimi nimemuacha.

Njo yeye alitutoa mu kambi ya wakimbizi. Alinikuta na Furaha chini ya shiti ya plastiki, akasema kuja umuchunge mama yangu, utapata chumba. Hakuniuliza barua ya mutu wa kunishuhudia.

Najichukia leo.

Siku ya ine, tarehe 12

Shefu ya kartie, mukubwa wa mutaa, ametuita kesho. Dezire, mimi, Mama Veronika. Zozefu atasema mu telefone.

Siwezi kula. Furaha ananitazama. Yeye anajua ya chokaa. Ya mvua hajui. Nilimuambia asiseme kitu kwa mutu. Akauliza sababu gani. Nikamukaripia. Mutoto hakufanya kosa na nikamukaripia.

Kama nyumba inaenda, ni kambi tena. Maji ya kupanga foleni, kikohozi usiku na mchana. Mama Veronika ataenda wapi? Dezire hatamuosha. Hatamukumbusha kumeza dawa.

Mungu, unionyeshe mulango. Ata dirisha.

Siku ya tano, tarehe 13

Nitaandika yote.

Biro ya shefu iko ndogo, tulikaa ku mabenchi inje, majirani wamesimama nyuma. Mama Veronika nilimuvalisha kikwembe ya kanisa. Alisalimia wote. Telefone ya shefu ilikuwa ku meza, sauti ya Zozefu inatoka wazi.

Dezire alisimama. Anaongea vizuri, huyu mutu. Alisema mama mukubwa alikubali kwa kinywa, mbele yake. Na alama iko: alipakisha chokaa ku maandiko, mwenyewe, kusudi wanunuzi wasiogope. Mutu asiyeuzisha, anafuta maandiko yake ya nini?

Kosa yangu alikuwa ameishika mu mukono, anafanya nayo kazi.

Zozefu akasema hapana, ni mvua, mwenye kuchunga mama njo alimuambia.

Dezire alicheka mbele ya kujibu ndugu yake mukubwa. "Yaya, mvua ya Bunia siku hizi inapaka chokaa?"

Benchi yote ikacheka. Ata shefu.

Shefu akamugeukia Mama Veronika. Mama, weye njo ulifuta? Ndiyo, papa. Na nyumba umeiuzisha? Ndiyo, papa. Sauti ya heshima, kama mutu anapokea chai. Wale wawili wakaanza kusimama, wanapangusa suruali.

Nilihesabu haraka mu kichwa. Nikinyamaza, nyumba inaenda, na Mama, na siye. Nikisema, nyumba inabaki na Mama anabaki. Mimi na Furaha njo tunaenda. Kila njia siye tunaenda.

Nikasimama. Nikasema: "Ni mimi. Mama hajui kitu. Mimi njo niliita mupaka rangi. Mvua ni bongo, mimi njo nilimuongopea Zozefu."

Shefu akauliza kwa sababu gani nilifuta. Nilitafuta jibu ya mutu mukubwa. Haikuwa. Nikasema kusudi ipendeze.

Jina ya Mwalimu sikutaja. Neno lilikuwa lake lakini mukono ulikuwa wangu.

Shefu akamuuliza Mama Veronika, polepole: mama, na mimi, unaweza kunipatia nyumba yako? Ndiyo, papa. Hakuna mutu alicheka. Alifunga daftari yake. Akasema hakuna kuuzisha mpaka Zozefu afike na miguu yake, na maandiko irudi ku ukuta leo leo.

Zozefu alisema aksanti shefu. Mimi hakuniita.

Dezire alipita karibu yangu: "Mama mupishi, umejipika mwenyewe."

Ni kweli.

Papa Simoni alirudi, aliandika saa tisa. Mustari unapanda upande moja. Nimeuacha hivyo.

Siku ya posho, tarehe 14

Saa tatu samaki ilikuwa mu mafuta. Zozefu akapiga.

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri apaze. "Uliniongopea, Mama Furaha. Chokaa ningecheka. Bongo siwezi."

Akasema kuanzia leo hakuna watu ku barza. Nyumba yenye kila mutu anaingia, ata Dezire aliingia na sahani mu mukono. Masomo ikifungwa atakuja na muke na watoto, wakae na Mama Veronika. Watahitaji boyeri. Akasema pia aksanti kwa kumuchunga mama miaka hii. Hiyo aksanti iliniumiza kuliko yote.

Nikasema ndiyo, yaya. Na mimi sasa nasema ndiyo tu.

Wa biro walifika, nikawarudisha ku mulango. Mumoja alisikia harufu, akafikiri ni mchezo. Samaki niligawia majirani. Mwalimu Bahati alikuja na watu wake sita. Alikuwa amekwisha sikia. Aliwaambia watu wangoje, akanifuata mpaka nyuma, akavua kofia. Anasema ataongea na Zozefu, atamuambia ilikuwa wazo yake. Nikamuambia kama unataka. Alisimama pale na kofia mu mikono. Sikumualika kukaa.

Siku ya tatu, tarehe 18

Nilitembea mutaa ya Shari yote, natafuta chumba. Kisha Mudzipela. Chumba iko, lakini wanauliza kazi yako ni nini. Nasema napikia watu. Wapi? Naenda ku mulango ingine.

Mama mumoja alitaka kunipa nafasi ku kibanda yake ya soko, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Djugu. Akasema atafikiri. Namujua mutu anasema atafikiri.

Furaha amesema yeye kambini harudi. Bila kulia, anapiga pasi uniforme yake. Bado examen mbili. Nikamuambia hatutarudi. Sijui nimesema na nguvu ya nani.

Nililia mu choo, bomba wazi, kusudi asisikie.

Siku ya ine, tarehe 19

Mwalimu aliongea na Zozefu. Zozefu alimusikiliza, akasema aksanti, akasema ya chokaa amekwisha sahau. Ya mvua bado.

Yuko na haki.

Siku ya Mungu, tarehe 22

Tulitoka kanisa mapema. Barza nilifagia, ata kama hakuna mutu. Viti nimepanga ndani, kimoja nimeacha inje kwa Mama Veronika.

Alikaa na kikwembe yake nzuri, anatazama barabara. Aliuliza watu wanafika saa ngapi. Nikasema leo hawakuje. Akasema ndiyo. Kisha kidogo akauliza tena, na mimi nikajibu tena.

Furaha alimusuka nywele. Zimebaki kidogo, nyeupe, laini kama za mutoto. Waliongea mambo yao. Nilisikia Mama anamufundisha jina ya miti ya wakati ule, yenye ilikatwa, moja moja, na ilisimama wapi.

Nilipika maharagi ya watu watatu. Mukono haijazoea, maji ilizidi. Mama Veronika alikula yote, akaomba ya kuongeza. Nikamupatia ya kwangu.

Sasa anasinzia. Jua imefika ku miguu yake. Nimevuta kiti polepole mpaka ku kivuli, hakuamuka.