Buni Ukutani

Iyula, 3 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa bibi na mguu wake. Habari za Kitwe na kazi?

Ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama ni tarehe 10 Agosti. Okestra ya kanisa itapiga, na mimi nimepewa picha za ukutani. Siyo picha za watu. Nasambaza buni ya kahawa juu ya kioo, simu inatazama kwa juu, projekta inatupa ukutani. Violini zikipanda naitawanya kwa vidole, matarumbeta yakiingia naikusanya. Tangu nimalize kidato cha nne, ndiyo kazi ninayoiweza bila kuongea na mtu.

Tarumbeta la besi la mama halina mpigaji. Mwalimu Fanueli wa okestra alisema, "Baba yako ndiye aliyemfundisha. Mwandikie." Ndiyo naandika.

Watu wananiuliza mbona silii. Sijui.

Mwanao,
Tulinagwe

Kitwe, 20 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima. Mpe bibi pole.

Mazishi sikuja, na wajomba zako wamesema nisikanyage hapo. Lakini mwambie Fanueli nakuja, besi nitapiga. Kulia usijilazimishe.

Baba yako

Iyula, 11 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Bibi anakusalimu.

Ibada imepita. Kiti chako tulikiweka. Zamu ya besi ilipofika, wapigaji wengine walinyamaza, nami nikafagia buni yote pembeni. Ukuta ukabaki mweupe. Mjomba Nsajigwa akaniinamia, "Projekta imekufa?" Nikamwambia hapana, hapo ni pa mama. Akarudi kukaa.

Baadaye tulikula wali. Sikusikia ladha.

Mwanao,
Tulinagwe

Kitwe, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Bibi je?

Nilikuwepo. Gari la kutoka mpakani Tunduma lilichelewa, nikafika mmeshaanza. Nilisimama mlangoni, kipulizio cha besi kikiwa mfukoni. Niliona ukuta mweupe mara mbili. Kisha nikamwona Nsajigwa, nikageuka. Nisamehe.

Baba yako

Iyula, 15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Bibi sasa anatembea hadi shambani.

Mara ya kwanza ilikuwa ya mama. Ya pili ilikuwa zamu ya violini, nilipaswa kuwa na picha, nikafagia buni tena. Mwalimu Fanueli alinigombeza mbele ya wote.

Nilikuwa nimekuona mlangoni. Nilikuwa nakupisha uingie na besi.

Mwanao,
Tulinagwe