Dawa Iliyogeuka Rangi Chupani mwa Bi Somoe

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mtua wazima, bibi yako anakusalimu, na ufuta mwaka huu umekubali. Umeuliza kama nimewahi kuiona hiyo klorini yenu ikiifukuza iodini kwenye chumvi yake. Niliiona kabla sijalijua jina lake.

Enzi za mkoloni, niliwasindikiza mama yangu na mke mwenzie, Bi Somoe, zahanati ya Nachingwea. Bi Somoe alikuwa na uvimbe wa shingo. Dawa yake ilikuwa chumvi ya iodini iliyoyeyushwa, angavu kama maji ya mvua, na mgonjwa alikwenda na chupa yake. Mama ndiye aliyeiosha. Dawa ilipomiminwa tu, ikawa kahawia.

"Umenitilia sumu!" Bi Somoe akamgeukia mama. "Chakula chako sili tena!"

Dresa, mhudumu wa zahanati aliyetoa dawa, hakubishana. Alimuuliza mama chupa kaiosha na nini.

"Na ile dawa ya klorini ya kisimani. Nilitaka iwe safi kabisa."

Dresa akatia dawa ya shingo kwenye glasi safi, akachanganya klorini kidogo na maji kwenye kikombe, akampa Bi Somoe. "Tia wewe, mama."

Akatia. Ikawa kahawia mbele ya macho yake; ndiyo hiyo iodini yenu iliyofukuzwa.

Namstahi dresa yule mpaka leo. Angeweza kumtetea mama kwa maneno, lakini kazi hiyo alimwachia Bi Somoe.

Jioni ile mama alisonga ugali. Bi Somoe alinawa, akamega wa kwanza.

Babu yako