Tembo wa Kwenye Kiroba

Jumatatu, 6 Januari 2014

Kakubaliwa! Evaline wangu kakubaliwa shule zote mbili, ya hapa kijijini na ile ya Kibondo mjini. Kupitisha mkono juu ya kichwa — sikio kalishika lote, wenzake wanaishia kwenye nywele. Mkuu wa shule ya mjini, kuona anaandika jina lake, akauliza kafundishwa na nani. Nikamwambia mimi, na la saba langu hilihili.

Sasa kuchagua. Mjini darasa la awali lina sakafu. Ukutani viroba vimepasuliwa, vikachorwa herufi na wanyama. Kuna tembo mkonga mfupi kama pua ya nguruwe, kiroba chake kimechanika pembeni, lakini kapendeza. Huku kwetu ukuta mtupu, watoto wanaandika mchangani kwa vijiti. Nimeshamwambia Mwajabu wa dukani: mwanangu anasoma mjini.

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda kumwambia Mwalimu Josepha wa hapa kwamba mtoto namtoa. Ukutani — tembo! Mkonga uleule, na kiroba kimechanika palepale. Nikauliza katoka wapi. Eti kamchora yeye. Na yule wa mjini je? Akageuka kufuta ubao usio na kitu.

Kaiba huyu. Wapole ndio wa kuogopa. Nikapitia kwa Mwajabu, nikamweleza yote. Sukari yangu aliipima polepole, asikose neno.

Ijumaa, 10 Januari

Nimepanda bodaboda mpaka mjini bila kuaga. Ukuta mtupu, misumari tu! Watoto wa awali wamebanwa na la kwanza, wanaimba wasichokijua. Nikamuuliza katoto kamoja tembo yuko wapi. Kakasema huwa anakuja siku za wageni.

Nimerudi kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 11 Januari

Nimemkuta Josepha nyumbani anamenya mihogo. Nikashika kisu, nikamsaidia. Tukamaliza nusu ya kikapu ndipo akasema:

“Viroba ni vyangu, Mama Evaline. Mkuu wetu na wa mjini ni mashemeji. Mjini wakipata wageni, naambiwa nivipeleke. Nikikataa nahamishiwa Mabamba, mbali huko, na mama yangu huyu hainuki kitandani.”

Nikamuuliza watoto wanasoma nini viroba vikiwa havipo. Akamwita mtoto wa jirani, wa miaka mitano. Kaandika jina lake mchangani, na la baba yake, Reverien, bila kukosea. Evaline wangu la baba yake hajaliweza. Hilo silisemi kwa mtu.

La Mwajabu sikumwambia. Mihogo niliyopewa nimeibeba kama mzigo wa kuiba.

Jumapili, 12 Januari

Kanisani wananong'ona: Josepha kaiba viroba vya mjini. Maneno yangu, kwa midomo ya watu! Mkuu wetu akanifuata nje, mpole, ananisifu: mama makini kama mimi ndiye shahidi anayemtaka. Kaitisha mkutano juu ya wizi huo. Nitakaa mbele. Nikisema ni yeye anayevituma mjini, Evaline atasoma wapi? Mashemeji hao, shule zote mbili zao.

Josepha kapita, kanisalimia vizuri tu. Hajajua shahidi ni nani.

Mkutanoni watakuwepo wazazi wote, walimu wote, na mkuu wa mjini pia. Alhamisi, saa nne asubuhi.